Kifua Changu Kilihamia Gotini

Hii stori itanionyesha mjinga. Nakuambia mapema ili usijisumbue kunitetea. Ukinikuta hapa Columbus, barabara ya Morse Road, ukanicheka, sina neno, ila ununue hata soda.

Naiandika kwa sababu nilipokuwa naumwa nilitafuta mtu mmoja tu, anayeongea lugha yangu, aliyeumwa kama mimi, aniambie: mguu unarudi au haurudi? Sikumpata. Nilipata video za madaktari wenye meno meupe. Kwa hiyo wewe mwenye goti lililovimba, kaa hapa nikuambie. Kama unaweza kukaa. Mimi kukaa kulinishinda.

Naitwa Dezi. Ni Mrundi, nimezaliwa kambini Kigoma, shule nimeishia darasa la sita. Huku Amerika tulifikia Louisville, mimi na mama na mdogo wangu Kezia, halafu tukahamia Columbus kwa sababu binamu ya mama alisema Columbus kuna kazi. Mrundi yeyote aliyehama mji huku, ukimchunguza, kuna binamu nyuma yake. Nikapata kazi ghalani, shifti ya asubuhi, kupakia maboksi. Niliipenda maana hakuna viti. Mama anasema hata tumboni mwake nilikuwa nagonga mlango.

Kezia alikuwa na miaka minane. Shuleni kwao kuna mtoto alimwambia kwamba huku kwetu Northland, nyuma ya maduka, kuna bibi wa Kirusi anafundisha watoto sarakasi. Akaanza kunisumbua. Nikampeleka. Lilikuwa duka la mazulia zamani, limebaki tupu, sakafu imetandikwa magodoro, juu kumefungwa kamba na puli. Bibi mwenyewe mfupi, mpana, sauti kama honi ya lori. Alikulia kwenye sarakasi kwao, baba yake alikuwa anasimama juu ya farasi anayekimbia. Jina lake Galina Ivanovna, na kwao mwalimu unamwita majina yote mawili, kumkata moja ni dharau. Watoto wetu wakayameza yote kwa pamoja: Galivana.

Usifikiri kule mtoto anaingia leo, kesho anaruka. Anaingia leo, ananyooshwa mpaka masika. Anapewa ukuta: simama kwa mikono, miguu juu, kaa hapo. Ukitaka kulia unaruhusiwa, ila lia kichwa kikiwa chini. Ukianguka, haijalishi umejigonga wapi, unainuka, unafungua mikono, unatabasamu kwa watu. Hata kama watu wenyewe hawapo. Galivana alikuwa anasema kuanguka ni kazi, kununa siyo kazi.

Mama alikuja kuangalia mara moja. Akamsikia Galivana anawafokea watoto, "Davai! Davai!", maana yake haya, twende. Mama akaninong'oneza, "Huyu anauza dawa gani?"

Mimi nilikuwa mtu wa kuleta na kuchukua tu. Siku moja nimetoka duka la Waafrika na parachichi, nasubiri, miguu inaniwasha, nikaanza kuzirusha. Tatu, halafu nne. Moja ikamwangukia Galivana kwenye kiatu. Akaiangalia parachichi, akaniangalia mabega.

"Wewe mkubwa," akasema kwa Kiingereza chake cha kukatakata. "Vua viatu."

Ndiyo nikaingia darasani. Wenzangu miaka sita, saba, minane, tisa. Mimi ishirini na moja. Tukipanga mstari nilikuwa kama mnara wa simu kwenye shamba la maharage. Watoto wa Kikongo wakaniita Tonton, mjomba, na wakanishinda kila kitu isipokuwa kimoja, kubeba. Galivana akanifanya mtu wa chini. Napinda goti, Kezia anakanyaga paja langu kama ngazi, anapita kiunoni, anasimama mabegani, mimi nanyooka, yeye anafungua mikono.

Siku nzima nilikuwa nabeba maboksi yasiyonijua. Jioni nabeba mtu. Sijui nikueleze vipi. Ndicho kitu pekee Amerika nilichokuwa nakifanya bila kuangalia saa.

Maumivu yalianza baridi ile, baada ya Krismasi. Siyo maumivu ya kupiga kelele. Goti la kulia likawa la moto, halafu likavimba kidogo, asubuhi likawa linakataa kukunjuka kama mlango wenye kutu. Nikasema ni maboksi. Usiku nikawa natoka jasho mpaka shuka inaganda mgongoni. Nikasema ni hita. Suruali ikaanza kunishuka. Nikasema ni fasheni. Kila kitu nilikuwa na jibu lake.

Na hapo ndipo Galivana akaanza na neno lake. Nikipinda goti ili Kezia apande, yeye pembeni anapiga kofi, "Nogu! Dezi, nogu!"

Jamani. Mimi nimekulia Tanzania. Pale kambini chakula kikiwa kitamu kimenoga, ngoma ikikolea imenoga. Nikajua bibi kajifunza Kiswahili kwa hawa watoto wetu, ananisifia. Kweli mwishoni alikuwa anaweka u badala ya a, lakini nikasema kwa Mrusi siyo mbaya. Basi kila akisema nogu, mimi naongeza. Napinda zaidi. Natabasamu zaidi. Siku moja nikamjibu kabisa, "Imenoga, Galivana!" nikamrushia na busu. Akashika kichwa, akatoka nje kuvuta hewa.

Wiki nyingi hivyo. Yeye anasema nogu, mimi nanogewa.

Mwisho wa ile baridi, theluji bado ipo ila imeshakuwa chafu, goti likagoma. Kezia alikuwa juu mabegani, nikasikia kama mtu ametoa kiti ndani ya mguu wangu. Nikaenda chini. Yeye kamba ilimshika, ile kamba ya kiunoni wanayofungwa watoto, akabaki ananing'inia hewani kama nguo. Nikataka kuinuka nifungue mikono kama tulivyofundishwa. Sikuweza kuinuka. Nikafungua mikono nikiwa nimekaa. Watoto wakacheka, Kezia akacheka kule juu, halafu akaona uso wangu.

Kliniki ya kwanza waliniambia nimejivuta, wakanipa vidonge vya maumivu na barafu. Barafu, Columbus, mwezi wa pili. Ningekaa tu nje. Wiki zikapita, uvimbe hauendi. Wakanipiga picha. Wakaniingiza kwenye ile mashine kama bomba, wakaniambia usitikisike. Mimi! Walirudia mara tatu.

Nikuambie kuhusu vyumba vya kusubiri, maana hakuna anayekuambia. Ni vya baridi, beba jaketi hata kiangazi. Kuna televisheni inapika chakula bila sauti. Na viti vimeunganishwa safu nzima, kwa hiyo wewe mwenye mguu usiotulia ukitikisa, mnatikisika wote. Mimi nilikuwa natikisa ule mzima. Mzee mmoja pembeni, kofia ya besiboli, akanigeukia taratibu akauliza treni hii inafika saa ngapi. Nikaona aibu, nikasimama, nikaanza kutembea na magongo. Dada wa mapokezi akaniambia nikae. Nikakaa. Treni ikaanza tena.

Siku ya daktari wa mifupa mama alikuwa kazini, anahudumia wazee, hakupata mtu wa kumshikia shifti. Galivana akanipeleka na gari lake, Kezia nyuma. Tumekaa pale tunangoja kuitwa, bibi anaongea mwenyewe kwa Kirusi, hasira tupu. Halafu akanigeukia kwa Kiingereza.

"Tangu Krismasi nasema. Kila siku nasema. Yeye anacheka. Ananipa busu!"

"Unasema nini?" nikamuuliza.

"Nogu! Nogu! Nogu!" Akalipiga goti lake mwenyewe.

Nikamgeukia Kezia. "Si anasema imenoga?"

Kezia aliniangalia kama vile watoto wanavyomwangalia mtu mzima aliyevaa fulana nje ndani.

"Kaka. Nogu ni mguu."

"Mguu?"

"Mguu. Alikuwa anasema mguu wako unaenda upande. Kila siku."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Sote tunajua. Hata Divine, mdogo wetu darasani, ana miaka sita na anajua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri unajua, halafu unafanya masihara. Wewe si unafanya masihara na kila kitu?"

Nilicheka mpaka safu ikatikisika. Yule dada wa mapokezi akanyanyua kichwa. Halafu wakaniita.

Daktari alikuwa na mkalimani kwenye simu, simu imewekwa mezani na spika. Sauti ya mtu wa pwani, Kiswahili kimepigwa pasi. Daktari akaongea sana. Akamwita mkalimani, haloo? Mkalimani akasema, "Ndugu mgonjwa, daktari anasema gotini mna kitu. Inawezekana ni uvimbe mbaya. Watakata kipande kidogo wakapime. Kama ni uvimbe huo, wataangalia namna ya kuuokoa mguu. Wakati mwingine hauokoleki."

Nikasema, "Muulize, nikibaki na mmoja, madukani wanauza kiatu kimoja kimoja?"

Mkalimani akatafsiri, maskini, neno kwa neno. Hakuna aliyecheka. Galivana alikuwa ameshika mkoba wake kama usukani. Kezia, ambaye mama akimuuliza kitu kwa Kirundi anajibu Kiingereza, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha:

"Sasa mimi nitasimama wapi?"

Hapo utani uliisha. Kuanzia siku ile sikuwa na swali jingine. Watu walikuwa wananiuliza naendeleaje, nalala, nakula? Mimi nilitaka kujua huyu mtoto atasimama tena hapa mabegani au la. Basi.

Wakanikata kipande. Nilipozinduka nikamfungulia mikono nesi na kutabasamu, akadhani nataka kukumbatiwa, akanikumbatia. Sikulalamika. Halafu tukangoja. Ile kungoja ndiyo ugonjwa wenyewe, mengine yote ni maumivu. Nilikuwa nazunguka meza ya apatimenti yetu na magongo mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Mama akasema, "Dezi, kaa." Nikakaa. "Dezi, acha kupiga vidole." Nikaacha. "Dezi, pumua kimya." Mama yangu hakuwa mkali namna hiyo. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa hutafuta kitu cha kurekebisha. Akaanza na sarakasi. Ni kule kusimama kichwa chini, akasema, damu imepotea njia. Ni yule Mrusi na dawa zake. Akamkataza Kezia kwenda. Kezia akajifungia chooni. Mimi nikapiga mlango wa choo kwa gongo nikamwambia mama, ukimzuia huyu, na mimi siendi hospitali. Nilimpandishia sauti mama yangu. Alikaa siku mbili ananipikia bila kunisemesha. Halafu asubuhi moja nikamsikia anamwambia Kezia avae, atachelewa kwa Galivana.

Majibu yakaja masika, miti ya huku imeanza kutoa maua. Daktari mwingine, simu ileile, mkalimani yuleyule. Akasema, "Ndugu mgonjwa, siyo uvimbe mbaya. Una kifua kikuu cha goti."

Nikashika kifua. "Kifua kiko hapa."

"Naelewa. Kifua kikuu, lakini cha goti."

"Kwa hiyo kifua kimehamia gotini?"

Nikasikia anabana kicheko, Mungu ambariki, mwezi mzima nilikuwa nakitafuta. Akaeleza: wadudu ni walewale, unaweza kukaa nao toka utotoni wamelala, halafu waamke popote. Mapafu yangu picha yake safi, simwambukizi mtu. Dawa kila siku, miezi tisa hivi.

"Na mguu?"

"Unabaki."

"Utabeba?"

Daktari aliangalia picha muda mrefu. Akasema mfupa umeliwa kidogo. Mkalimani akaleta jibu lake: "Kupinda na kubeba, tutaona."

Tutaona. Miezi tisa niliishi ndani ya hilo neno.

Mama alipolisikia jina la ugonjwa alikaa chini pale jikoni, sakafuni. Kaka yake alikufa nao kambini. Akasema tusimwambie mtu kanisani, tuseme ni goti. Lakini siri kwenye apatimenti zetu inatembea kuliko basi. Jumapili ile Mama Divine, Mkongo wa Uvira, akanishika kwenye ngazi.

"Dezi, minasikia uko na TB ya goti. Donc, basi, goti yako inakohoaka?"

"Usiku, mama. Tunaipa maji ya limau."

Alicheka, akanipa sambusa, akanigusa mkono alivyokuwa ananipa. Wengine walikuwa wanaweka kitu mezani na kurudi nyuma. Ukiumwa utawajua kwa mkono.

Tatizo likawa ngazi. Sisi ghorofa ya tatu, mimi magongo, mama shifti. Dada yetu mkubwa Goreti yuko mji wa Buffalo, mtaa wa North Buffalo, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Karatasi zangu zikahamishwa, na mimi nikahamishwa kama karatasi. Kezia alinisindikiza mpaka gari la shemeji. Nikamwambia nikirudi panda moja kwa moja, usinisalimie. Akasema okei.

Buffalo kiangazi ni kuzuri, nasikia. Mimi nilikiona dirishani. Kila asubuhi alikuja Bi Patrice, mama wa ofisi ya afya, kazi yake ni kuniangalia nikimeza. Siyo kuniletea tu: kuniangalia. Kidonge kwa kidonge, halafu nafungua mdomo, aaa, nainua ulimi. Siku ya kwanza nikamrushia vidonge vyote hewani nividake na mdomo. Kimoja kikaingia chini ya jiko. Akavaa miwani, akapiga magoti, akakitoa, akakitupa, akanipa kingine.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mama."

Hakuondoka haraka. Alijua baada ya nusu saa tumbo litapinduka, akawa anakaa tu hapo na chai yake, ananisimulia theluji za kwao mpaka kichefuchefu kipite. Halafu akataka nimfundishe kurusha soksi. Mpaka vuli alikuwa anarusha tatu, tena anamsema vibaya anayeongea akiwa anarusha.

Mambo ya mwili nikuambie wazi, usije ukashtuka. Mkojo unakuwa rangi ya soda ya machungwa. Jasho nalo. Machozi nayo: siku moja nililia kwenye mto, asubuhi nikakuta kama mtu amemwagia juisi. Usiogope, ni dawa. Kula kwanza, hata mkate mkavu, kabla ya vidonge. Na paja lako litakonda. Langu la kulia lilikonda mpaka ukiniangalia ungefikiri nimeazima mguu kwa mtoto. Nilikuwa nalificha kwa blanketi hata kwenye joto.

Dada Goreti alikuwa na mtoto mchanga. Bi Patrice alimweleza mara nyingi, haiambukizi, mapafu yake safi. Goreti anaitikia ndiyo, ndiyo. Halafu kikombe changu kikafungwa utepe mweupe. Na sahani. Na kijiko. Nikasema, "Dada, nifunge na mimi utepe, nisije nikachanganyika na wageni."

"Dezi, usinifanye mtu mbaya. Nina mtoto."

Tukakosana. Siyo kwa kelele, kwa vyombo. Yeye anaviosha kwa maji ya moto peke yake, mimi nikisikia maji yanachemka najua ni ya kikombe changu. Mume wake, shemeji Evariste, anafanya kazi kiwandani na anaongea kama analipia maneno. Jioni moja alirudi, nguo zimejaa vumbi, akakaa mezani, akavuta kikombe chenye utepe, chai yangu niliyoinywa nusu, akainywa yote. Akakiweka chini.

"Imepoa," akasema, akaenda kuoga.

Goreti aliangalia kile kikombe. Kesho yake utepe haukuwepo. Hatukuliongelea mpaka leo.

Vuli ikaingia, nikaacha gongo moja, halafu la pili. Mtu wa mazoezi alinipa ya kukunja na kukunjua. Nikaongeza yangu. Wote wakitoka, nashika kaunta ya jiko, napinda goti, nanyooka, begi la mchele mabegani. Mwanzo napinda kidogo tu, kama mtu anayesalimia wakwe. Kila wiki kidogo zaidi. Nampigia Kezia video.

"Nani anakubeba sasa?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kaka, mtandao mbaya." Anaongea Kiingereza haraka, picha inaangalia dari, anakata.

Nikaelewa ananingoja. Mtoto wa watu amekaa chini miezi yote anangoja mabega yangu. Nikaongeza mchele.

Theluji ya Buffalo ilipofikia dirishani, Bi Patrice alinitazama nikimeza kidonge cha mwisho. Nikafungua mdomo, aaa. Akainua miwani, akaangalia vizuri kama siku ya kwanza, akasema kwaheri, akanirushia soksi zake.

Columbus nilifika baridi inaisha. Sikupitia nyumbani. Nikaingia pale kwenye duka la mazulia, Kezia akageuka, nikaona kitu cha ajabu. Nilikuwa nimezoea kichwa chake kifikie tumboni kwangu. Kilikuwa kifuani. Miguu mirefu, mabega ya mvulana. Nikapiga paja.

"Panda. Si nilikuambia usinisalimie?"

Akamwangalia Galivana. Galivana akafunga kamba, akaishika mwenyewe, akaitikia kwa kichwa, haya. Nikapinda goti. Kezia akakanyaga, kiunoni, mabegani. Goti likatetemeka. Nikanyooka. Likakaa. Nakuambia wewe unayesoma: likakaa. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Galivana akatuzunguka mara moja, akamshusha Kezia taratibu na ile kamba. Akanipiga goti kwa ngumi yake ndogo.

"Mguu mzuri," akasema. Akamnyooshea Kezia kidole. "Msichana mkubwa. Yeye juu, hapana tena."

Sikuelewa. Halafu Divine, yule mtoto wa Mama Divine, akakimbia toka ukutani, akakanyaga paja la Kezia kama mtu anayepanda ngazi za kwao, akasimama mabegani pake, akafungua mikono. Kezia chini, shingo imekaza, hataki kuniangalia.

Nikasema hongereni. Nikatoka. Nikaitembea Morse Road yote mpaka goti likavimba, naongea peke yangu kama kichaa wa sokoni. Mchele wote ule! Niliubeba ili mguu urudi, mguu umerudi, aliyekuwa anauhitaji ameondoka. Nilitaka nimkasirikie mtu. Ungemkasirikia nani? Mtoto kwa kukua?

Onyesho lao la masika lilikuwa Louisville, kwenye ukumbi wa shule, siyo mbali na tulipofikia mara ya kwanza. Tulikwenda na mama. Watu wa kanisa letu la zamani walikuja na watoto wao na chakula chao. Mama alivaa kitenge kipya na alisema hatatazama, halafu akakaa mstari wa mbele. Mimi nilikaa, nikasimama, nikakaa, mpaka mama mmoja nyuma akanivuta shati.

Wakaingia wawili, Kezia na Divine. Kezia akapinda goti. Mguu wake ukakaa sawa kabisa, hauendi upande hata kidogo. Divine akapanda. Kezia akanyooka polepole, na yule mdogo kule juu kwenye taa akafungua mikono, shanga za nywele zinang'aa, anacheka na watu wote, na watu wote wakamwangalia yeye. Ukumbi ukapiga makofi. Mama Divine akapiga vigelegele, mama yangu akavidakia. Mimi nilimwangalia Kezia. Mshipa wa shingo umemtoka. Macho yake yalikuwa kwenye mbao za sakafu.

Baadaye nilimkuta nyuma ya pazia anakunywa maji, jasho tupu, alama za nyayo za Divine nyekundu mabegani. Nilikuwa nimeandaa utani. Sikupata nafasi ya kuusema. Akashusha chupa, akajipangusa mdomo, akaniangalia kwa hasira ya kweli.

"Kaka, kule chini mtu haoni kitu. Haoni kitu chochote. Mbona hukuniambia?"